Ufunguo wa Jumamosi

Ningeweza kumwambia hapana. Ilikuwa Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, na mama mmoja kutoka Nairobi aliyekuwa akitafuta vitu vya kupamba hoteli moja ya Naivasha alikuwa amesimama katikati ya duka langu akinyoosha kidole. Kile kigoda. Ile taa ya reli. Zile pasi tatu za makaa. Ile picha ya ng'ombe kwenye ukungu. Halafu akanyoosha kidole juu, kwenye saa ya ukutani, na mimi nikasita. Akaniuliza kama kuna shida. Nikasema hakuna shida.

Nimeirudia siku ile mara nyingi, na kila mara naona kwamba nilikuwa na nafasi ya kutosha. Hakuna aliyenikaba koo. Aliniuliza, akangoja, na mimi nikajibu.

Duka langu liko Nakuru, katika barabara ndogo, kati ya kinyozi na duka la mbegu. Ni chumba kimoja kirefu chenye mlango mmoja na dirisha moja, na vumbi la kutoka upande wa mlima Menengai huingia hata nikifunga vyote viwili. Nauza vitu vya zamani na picha za kuchora. Nilikifungua chumba hiki baada ya kuacha kazi kiwandani, na mke wangu akajiunga nami alipostaafu ualimu wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa na jicho la kutambua kitu. Yeye alikuwa na mwandiko.

Yeye ndiye aliyeleta desturi ya kadi. Alikata karatasi za manila vipande vidogo, akatoboa tundu, akafunga kila kimoja kwa kamba ya katani. Kitu kikiingia dukani alimkalisha chini aliyekileta, akampa chai, akamuuliza kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Mgeni alipoondoka, mke wangu aliandika. "Kibuyu cha maziwa. Bibi wa aliyekileta alikitumia mpaka mkono ukamtetemeka." Kadi haikutengana na kitu chake. Kikiuzwa, kadi ilikwenda na mnunuzi. Kikienda kwa fundi, kadi ilikwenda kwa fundi, ili kisichanganywe na vya wengine. Kadi peke yake, bila kitu, haikuwahi kuonekana kwetu.

Kutokana na kadi ikaja desturi nyingine ambayo hatukuipanga. Watu waliotuuzia vitu walianza kurudi kuvisalimia. Kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa Olenguruone, nyumbani kwao mke wangu, aliyetuletea kigoda cha marehemu baba yake baada ya kugombana na ndugu zake. Kila alipokuja mjini kununua dawa ya ng'ombe alipitia dukani, akakikalia kigoda, akasoma gazeti langu lote, akasimama, akaaga. Kulikuwa na mama aliyekuja kupangusa kwa leso yake picha ambayo mwanawe aliichora kabla hajasafiri ng'ambo. Mke wangu aliwakaribisha wote. Alisema kuuza si kukana, na kwamba mtu ana haki ya kujua kitu chake kinaendeleaje mpaka kipate nyumba.

Wateja wa kawaida waliingia wakawakuta hao wageni. Wengine walidhani ni familia yangu. Vijana waliingia kupiga picha. Mmoja aliizunguka gramafoni mara mbili, akaniambia, "Niaje mzee. Hii inashika Bluetooth?" Nikamwambia inashika vumbi. Alicheka, akakaa karibu saa nzima, hakununua kitu. Mke wangu alimpa chai hata yeye.

Lazima niseme ukweli wangu hapa. Wale wageni walinichosha. Nilitaka duka, na niliona nimefungua chumba cha kungojea daktari. Sikumwambia mke wangu hivyo, lakini nilikuwa nikikohoa, nikisogeza viti kwa kelele, na yeye alijua.

Kati ya wageni wote, aliyekuja bila kukosa ni mjane mmoja aliyekaa mtaa wa Free Area. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, wa jamii ya watu wa magharibi mwa nchi waliohamia Nakuru tangu wakati wa baba zao, na alipostaafu alipewa saa ya ukutani yenye sanduku la mbao nyeusi. Ilikuwa saa ya kutiwa ufunguo kila wiki, inayogonga kila baada ya saa. Mzee alipofariki, mjane alihamia chumba kimoja cha kupanga, na huko ukuta ulikuwa mwembamba na jirani alifanya kazi ya zamu za usiku. Saa ikigonga mchana, jirani anaamka. Alivumilia, jirani naye akavumilia, mwishowe yule mama akaifunga saa kwa shuka akatuletea. Aliomba iwe mahali itakapogonga bila kumkosea mtu.

Saa akatuachia, lakini ufunguo hakuuacha. Alimuuliza mke wangu kama angeweza kuja mwenyewe kuitia ufunguo kila Jumamosi. Mumewe alifanya hivyo kila Jumamosi alasiri, kisha akaoga, kisha wakala. Mke wangu alisema aje. Akaongeza jambo jingine, mbele yangu, nami nikatikisa kichwa kukubali: saa haitauzwa kabla mama hajaambiwa, ili aje kuiaga. Akaliandika hilo kwenye kadi.

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi alikuja. Alitoa ufunguo kwenye leso, akapanda kwenye kigoda, mke wangu akamshika kiuno asianguke, akazungusha polepole huku akihesabu kwa lugha ya kwao. Akimaliza walikunywa chai wakiongea habari za kanisa, kwa maana walikuwa kanisa moja na kikundi kimoja cha akina mama. Asipokuja kwa sababu ya mafua, saa ilinyamaza siku mbili hivi baadaye, na sisi wawili tuliinua vichwa kwa pamoja.

Alhamisi ile mke wangu alikuwa Olenguruone. Dada yake alikuwa akivuna viazi na alikuwa amekwenda kusaidia. Yule mnunuzi wa hoteli alikuwa mcheshi. Alipita akigusa vitu kwa mkono wazi kama mtu anayejua, akaniambia kwamba ameingia maduka mengi mpaka Naivasha na hajaona mtu mwenye jicho kama langu. "Wewe mzee si muuzaji," alisema, "wewe ni mtaalamu." Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeitwa boss na mzee. Sikuwahi kuitwa mtaalamu. Maneno hayo yaliniingia, na sikujua kwamba nilikuwa nayangoja.

Halafu akashika kadi moja, akaisoma, akaiachia.

"Hizi utoe," alisema. "Mtu akija likizo hataki kujua nani alikufa."

Nilichukua mkasi. Nilikata kamba moja baada ya nyingine, yeye akiwa anaongea na simu nje, nikazitia kadi zote kwenye mkebe wa biskuti chini ya kaunta. Ya saa niliikata ya mwisho. Niliona mwandiko wa mke wangu na sikusoma, ingawa nilijua yaliyoandikwa. Yule mnunuzi aliporudi aliuliza ufunguo wa saa uko wapi. Nikasema ulipotea. Akasema haidhuru.

Jumamosi mjane alikuja. Alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, akiangalia mahali kwenye ukuta palipokuwa peupe kuliko pengine. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilifungua kinywa nikiwa na nia hiyo, na maneno yaliyotoka ni kwamba saa imepelekwa kwa fundi, kwamba imeanza kuchelewa. Alishtuka kidogo, akasema yeye hakuona ikichelewa. Halafu akanishukuru kwa kuitunza.

Mke wangu aliporudi na magunia yake ya viazi nilimwambia uongo huo huo. Hilo ndilo ambalo nikilikumbuka ninasimama na kutembea ndani ya nyumba. Mjane ningemwomba msamaha na yangekwisha. Lakini nilimpa mke wangu uongo wangu aubebe kama wake, naye akaubeba kanisani akiwa na moyo mweupe. Kila Jumapili mjane alimuuliza habari za saa, na kila Jumapili mke wangu alimhakikishia kwamba fundi ni mzuri, asiwe na wasiwasi.

Kuhusu vitu vingine vilivyoondoka hakuuliza sana. Alifurahi vimepata nyumba. Aliuliza tu kama nilikumbuka kutoa kadi, nikasema nimezitoa. Hilo lilikuwa kweli.

Wiki zilipopita fundi alihitaji sababu ya kuchelewa. Nikasema anatafuta springi. Baadaye nikasema ameugua. Sikufikiria mbali. Jumapili iliyofuata kikundi cha akina mama kilimwombea fundi wangu, na siku mbili baadaye mke wangu alinikabidhi kikapu chenye sukari, unga na mayai yaliyofungwa kwa gazeti. Akina mama walikuwa wamechanga. Mjane alikuwa ameleta mayai.

Nilizunguka na kikapu kile mjini nusu ya asubuhi. Mwishowe nilikipeleka kwa fundi wa saa ninayemfahamu, ambaye anakaa kibandani karibu na soko. Alikuwa amekaa juani, mzima, akila mahindi ya kuchoma.

"Mzee, nani amekwambia mimi ni mgonjwa?" aliniuliza.

Nilimwambia ni zawadi tu. Alitazama ndani ya kikapu, akanitazama mimi, akasema kama kuna mtu amekufa afadhali nimwambie sasa. Tulicheka. Nilirudi dukani nikicheka peke yangu barabarani, na nilipofika kwa kinyozi kicheko kikanikauka.

Siku hiyo niliamua kuirudisha saa. Nilimwambia mke wangu nakwenda Naivasha kuangalia picha. Nilipofika nilichukua boda boda kando ya ziwa, tukapita mtaa wa Karagita wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuwa wanarudi kwenye vyumba vyao kwa miguu, wengi, wamechoka, hawaongei. Hoteli ilikuwa mbele zaidi, nyuma ya ua wa mimea. Mlinzi aliniita mzee wangu na kunifungulia.

Saa nilikuta wameitundika kwenye ukuta wa chumba cha vinywaji. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, halafu imesuguliwa ionekane kuukuu. Ilionyesha saa nne na dakika kumi. Niliagiza soda nikaketi chini yake. Niliimaliza na bado ilionyesha saa nne na dakika kumi. Mhudumu aliponiona naitazama alieleza kwa upole kwamba ilikuwa inagonga na kusumbua wageni kila ilipotikiswa, basi wakaita mtu akatoa vyuma vyote vya ndani. Nikauliza vyuma viko wapi. Akasema labda shimo la takataka. Nikamwomba meneja aniuzie. Meneja, kijana mwenye adabu, alisema vitu vya hapo viko kwenye mchoro wa mpambaji na hawezi kutoa kimoja. Wageni wawili walikuja wakajipiga picha mbele ya saa, nikasogea nisiingie kwenye picha yao.

Nikarudi. Unaweza kudhani hapo ndipo nilisema ukweli. Mimi pia nilidhani hivyo njiani. Lakini sasa haikuwa tena habari ya kuuza saa, ilikuwa habari ya saa kufa, na nilijiambia kwamba nitangoja wakati mzuri. Mjane aliendelea kuja siku ya Jumamosi, hata bila saa. Alikuwa amezoea. Ufunguo ulikuwa kwenye leso, kwa maana huwezi kujua, fundi anaweza kupona.

Ilikwisha kwa sababu ya vifungo. Mke wangu alikuwa anashona shati langu na akataka mkebe wa kuwekea vifungo. Nilikuwa nje nikimsaidia mteja kuingiza meza kwenye gari. Niliporudi alikuwa amepanga kadi kwenye kaunta kwa mistari, kama alivyopanga madaftari ya wanafunzi wake, na kadi ya saa ilikuwa peke yake mbele.

"Hii inafanya nini huku?" aliuliza.

Yeye ndiye aliyeweka sheria ya kadi, hakuhitaji nieleze.

"Imeuzwa lini?"

Nikamwambia. Alihesabu, nami nikamwona midomo ikitembea. Hazikuwa pesa za duka alizokuwa akihesabu. Zilikuwa Jumapili.

"Nimemdanganya yule mama mara ngapi?" alisema. "Nimesimamisha watu kanisani wamwombee mtu anayekula mahindi."

Basi habari ya mahindi hakuwa ameisahau, maana nilikuwa nimeileta nyumbani kama mzaha, kwamba fundi ni mgonjwa lakini mahindi anakula vizuri. Nilimwambia ni makosa yangu. Alisema anajua ni makosa ya nani. Hakupaza sauti. Mwalimu wa miaka mingi hana haja ya kupaza sauti. Alivaa kitambaa chake akaenda Free Area kwa miguu, na alirudi jioni na hakutaka chakula.

Jumamosi walikuja pamoja. Mjane hakukaa. Aliuliza nimweleze iko wapi na inaendeleaje, nami kwa mara ya kwanza nikamweleza yote, rangi nyeupe, saa nne na dakika kumi, vyuma vilivyotupwa. Alisikiliza akiangalia ukuta.

"Mzee," alisema, "ungeniambia ile Jumamosi ya kwanza ningelia, ningerudi nyumbani. Sasa umenifanya nimsubiri mume wangu, kisha nimpoteze mara ya pili."

Aliweka ufunguo juu ya kaunta pamoja na leso yake. Akamwambia mke wangu auandikie kadi kama anataka. Mke wangu hakuandika. Alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama muda mrefu wakiwa wameshikana mikono, halafu kila mmoja akaenda upande wake.

Habari ilienea bila mtu kuieneza. Mzee wa Olenguruone alikuja, akaona kigoda cha baba yake hakipo, akauliza kadi yake ilisemaje kuhusu kwenda hotelini. Akakunja gazeti langu bila kulisoma na sijamwona tena. Mama wa picha alikuja, akakuta picha ya mwanawe bado ipo, akainunua, akaibeba mwenyewe chini ya kwapa. Nilitaka kumpa bure, akakataa kabisa. Nilikuwa nimetaka duka lisilo na wageni wa kukaa, na nililipata.

Wateja bado wanaingia. Wanauliza kama pasi ni ya kweli, kama kibuyu kinavuja. Kijana wa Bluetooth alirudi na mchumba wake, akauliza, "Mathe wa chai ako wapi?" Nikamwambia amesafiri. Nilijaribu kupika chai mwenyewe nikatia majani mengi. Waliinywa kwa heshima. Vitu vinavyoingia siku hizi havina kadi. Nilijaribu kuandika moja kwa mkono wangu, na nilipofika "kilikuwa cha" nikaona sina haki ya kumalizia.

Ufunguo uko kwenye msumari ule ule uliokuwa wa saa. Mara nyingine mteja anauliza ni wa nini. Nasema hauuzwi.

Saa nilimwachia mgeni aliyenisifu, na nilichokilipa ni mke wangu. Hakufa. Wiki chache baada ya ile Jumamosi alisema dada yake amezeeka na shamba limemshinda, atakwenda kumsaidia kupanda, atakaa kidogo. Hiyo ni misimu mingi ya viazi iliyopita. Hatukugombana, hatukuitana mbele ya wazee wala mchungaji. Jumapili mchana, baada ya kanisa la huko, ananipigia simu kama mtandao uko, tunaongea habari za mvua, ukungu, bei ya mbolea, watoto wetu walio mbali. Mara moja nilimuuliza atarudi lini. Alisema huko akiwaambia watu jambo wanamwamini, na hataki kuanza tena kujiuliza kama analosema ni kweli. Zamani aliniita baba watoto. Siku hizi ananiita mzee, kama wanavyoniita wateja.